Hatari Iko Ukurasa wa Kumi na Moja

(Hotuba ya Mheshimiwa Januarius Bundala, Mratibu wa Mradi Shirikishi wa Kuhimili Upepo Mkali na Mvua Kubwa, aliyoitoa katika uwanja wa shule ya msingi, kijiji cha Mwashilindi, Wilaya ya Bariadi, Jumamosi moja ya Oktoba 1997. Imenukuliwa yote na Eufrasia Kwandu, mwandishi wa kumbukumbu, ambaye aliagizwa asiache kitu, naye hakuacha.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji. Mheshimiwa Kaimu Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyefika. Mheshimiwa Kamanda wa Sungusungu, Mzee Masalu, pamoja na makamanda wako wasaidizi, wapiga filimbi wako na walenga mishale wako. Waheshimiwa wazee wenye ng'ombe zaidi ya mia. Waheshimiwa wazee wenye ng'ombe chini ya mia, nanyi msikate tamaa. Baba Mchungaji, Ndugu Katekista, na wale wazee wetu wengine ambao imani yao hatuiandiki kwenye ripoti lakini habari za mvua huwa tunawauliza kwa pembeni. Mheshimiwa mwakilishi wa mnunuzi binafsi wa pamba, ambaye kiti chake nakiona na yeye mwenyewe simwoni. Akina mama, akina baba, vijana, na stekiholda wote kwa ujumla wenu: Mwadila!

(Wananchi: Mwadila!)

Mwadila tena!

(Wananchi, kwa sauti ya chini: Mwadila. Wengi wamesimama. Wanaume wana pinde mikononi na wanahema.)

Kaeni, kaeni chini, jasho likauke. Naona mmekuja wengi, naona mmekuja mbio, na naona mmekuja na silaha, jambo ambalo katika utumishi wangu wa miaka kumi na tisa, nikianzia karani wa mizani hadi kufikia wadhifa huu mnaouona, halijawahi kunitokea popote pale ndani na nje ya tarafa hii. Mara mbili niliita mkutano hapa kwa tangazo lenye mhuri, lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, na mara mbili nilimhutubia Kaimu Mwenyekiti peke yake, tena akiwa na mbuzi aliyekuwa anampeleka mnadani. Safari hii, kwa kutumia mbinu za kisasa za uhamasishaji nilizozipata kwenye wekishopu ya siku tano kule Shinyanga, nikaona nishirikishe mila za wenyeji, nikamwendea Mzee Masalu asubuhi nikamwomba apige mwano, ule ukelele wenu wa kuitana. Mwano ukapigwa saa nane kamili, na ilipotimia saa nane na robo uwanja umejaa. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo kitaalamu tunaiita kapasiti bildingi.

(Mzee Masalu anasimama, fimbo mkononi. Anasema: "Mheshimiwa, wabeja kwa maneno yako. Ila mwano si kengele ya mkutano. Unapigwa ng'ombe wakiibwa, au nyumba ikiungua, au mtu akipotea porini. Wewe uliniambia ipo hatari, tena kubwa. Sheria yetu unaijua, umezaliwa hapo jirani, Nkololo: aliyeomba mwano anataja hatari, ndipo watu wanaondoka kuifuata. Kama hajataja, hakuna kuondoka. Anayeondoka analipa mchenya, ng'ombe mmoja. Kwa hiyo taja, bhabha, tuifuate.")

Namshukuru sana Mzee Masalu kwa utangulizi huo mzuri. Makofi kwake.

(Hakuna makofi.)

Hatari ipo. Tena imechapwa. Iko ukurasa wa kumi na moja, na mimi kwa sasa niko ukurasa wa kwanza, aya ya pili, kwa sababu hatari haitajwi hivi hivi kama jina la mbwa. Hatari lazima iwekewe usuli, iwekewe madhumuni mahususi, iwekewe viashiria vinavyopimika, ndipo mwananchi wa kawaida aweze kuogopa kwa namna iliyo endelevu.

(Mwanamke anasimama nyuma. Ni Milembe, mjane, anakaa ng'ambo ya korongo, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Anasema: "Mheshimiwa, mimi niliposikia mwano nimeacha kila kitu nikakimbia. Pamba yangu yote ya mwaka huu nimeianika juu ya jiwe. Mnunuzi kasema anakuja Alhamisi, na nisipomuuzia huyo sina mwingine. Na kule, upande wa Ziwa, kuna wingu limechomoza.")

Mama, mayu Milembe, nimekusikia, nimelipokea, na nimelifanyia kazi. Wingu hilo liko nje ya eneo la mradi.

(Vicheko kidogo. Milembe anakaa, lakini si chini, anachuchumaa.)

Nikirudi kwenye usuli. Ndugu wananchi, tumeingia zama mpya, zama za soko huria, zama za ubia na sekta binafsi, zama ambazo kila mtu anatakiwa asimame kwa miguu yake mwenyewe, na kama miguu haipo basi ashirikishwe mdau mwenye miguu. Zamani mlikuwa mnaisubiri serikali ije inunue pamba; leo mnamsubiri mtu binafsi; maana yake hata kusubiri kwenyewe kumebinafsishwa, na hayo ni maendeleo. Zamani pamba yenu mliipeleka ghalani, ikapangwa, safi kwake na fifi, ile chafu, kwake. Leo ghala lile lina sabuni na soda za watu, na pamba iko vyumbani mwenu, mnalala nayo, watoto wanaiota, kuku wanataga humo. Wengine leo mmeianika juani ili ikauke yale maji ambayo haikunyeshewa na Mungu, na mchanga ule ambao haukupeperushwa na upepo wowote, mimi sisemi nani kaongeza uzito, mizani itasema.

(Vicheko vikubwa. Mzee mmoja anamtazama jirani yake. Jirani anatazama chini.)

Ndiyo! Mmeona? Mimi nawajua, na ninyi mnanijua. Basi ni katika mazingira hayo ambapo redio ilipotangaza kwamba mwaka huu kuna mvua kubwa zinaitwa El Nino, zenye upepo wa kung'oa paa na kulaza mtama, mimi, kwa uchungu nilionao kwa watu wangu, sikulala. Mke wangu ni shahidi. Niliamka, nikakaa kitako, nikasema, Januarius, watu hawa watajikinga na nini? Na hapo hapo, kabla hata sijanawa uso, ukazaliwa Mradi Shirikishi wa Kuhimili Upepo Mkali na Mvua Kubwa, ambao jina lake mnaliona kwenye bango hili hapa nyuma yangu, urefu wa mita nne, herufi nyekundu.

(Makofi, mengi zaidi kwa watoto.)

Tulianza na fizibiliti. Utafiti huo uliendeshwa kutoka barabarani, kwa sababu ya ubovu wa njia za kuingilia, na ulibaini kwamba asilimia sitini na nane ya paa za eneo hili ni za nyasi, asilimia arobaini na moja ni za bati, na zilizobakia hazikukutwa nyumbani. Ulibaini pia kwamba kaya saba kati ya kila kaya tano haziko tayari kwa dhoruba. Ndipo tukaingia Awamu ya Kwanza, ambayo ilikuwa ya kuhamasisha. Awamu ya Pili ilikuwa ya kuwahamasisha waliokwisha kuhamasika, wasije wakalegea. Na Awamu ya Tatu, ambayo ndiyo fahari yangu, fahari ya wilaya, na nikiruhusiwa kusema, fahari ya Kanda nzima ya Ziwa, ni ya utekelezaji, ambapo hadi mwishoni mwa mwezi uliopita paa mia mbili na kumi na mbili za kijiji hiki zimefungwa kwa waya, zikakazwa kwenye vigingi vilivyochimbiwa ardhini futi mbili, tayari kuhimili upepo wa aina yoyote.

(Wananchi wanatazamana. Sauti: "Kijiji gani?")

Hiki.

(Mwanamume anasimama. Anasema: "Mheshimiwa, mimi ni Malimi, mwezekaji. Paa za hapa zote nimeziezeka mimi, na zile ambazo sikuziezeka mimi aliziezeka baba. Sijaona hata moja iliyofungwa waya.")

Bwana Malimi, nakuheshimu sana kwa ufundi wako, lakini wewe ni mtu wa ndani, na mtu wa ndani hawezi kutathmini. Tathmini ni kazi ya mtu wa nje.

("Na la kwangu limefungwa?" Malimi anauliza.)

Kitakwimu, ndiyo.

(Vicheko. Mtu anamshika Malimi shati, anakaa. Mzee Masalu ananyoosha fimbo kuelekea upande wa Ziwa, anasema: "Mheshimiwa, wingu lile limekuwa jeusi. Uko ukurasa wa ngapi?")

Wa tatu, mzee wangu, na nakwenda kwa kasi zaidi kuliko nilivyopanga. Lakini haraka ya nini? Mmekaa vizuri, uwanja una hewa, na mimi mwenyewe nimekaa kivulini chini ya turubai hili la bluu. Hebu litazameni. Watu wa nyuma, simameni mlitazame. Upana wake ni hatua kumi na mbili kwa hatua tisa, halipitishi maji, lina pete za shaba kwenye kingo zote, na limefungwa kwa kamba mpya. Hiki ndicho kielelezo cha kinga ya kisasa.

(Milembe amesimama tena. "Mheshimiwa, hilo turubai lingetosha kufunika pamba yangu yote, na ya jirani yangu Scola.")

Mayu, bila shaka lingetosha, na nakupongeza kwa jicho lako la kitaalamu. Lakini turubai hili ni la itifaki.

("Basi niruhusu niende," Milembe anasema. "Pamba hiyo ndiyo niliyoipalilia peke yangu tangu mwezi wa kumi na mbili. Mtoto wangu Elina kachaguliwa sekondari. Ikilowa, haendi. Sina ng'ombe wa mchenya, Mheshimiwa. Ningekuwa naye ningekwisha kuondoka zamani." Sauti za wanawake: "Mruhusu! Mruhusu!" Mzee Masalu anatikisa kichwa: "Siwezi kumruhusu mimi, wala huyu hawezi. Ni kutaja tu. Neno moja, bhabha.")

Neno moja! Jamani, ningekuwa mtu wa neno moja nisingekuwa Mratibu. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni msikivu, na usikivu ni mojawapo ya sifa zangu tisa zilizoorodheshwa ukurasa wa sita, naomba niwape angalau mwelekeo. Mradi wetu unatarajia, ndani ya muda wa kati, na endapo hali ya ushirikishwaji itaendelea kuruhusu, kuwa na kituo cha tahadhari chenye king'ora. Kuwa na mafunzo ya wakufunzi watakaowafundisha wakufunzi. Kuwa na ziara ya kujifunza, ambapo mimi na mjumbe mmoja tutakwenda pahali penye dhoruba za kiwango cha juu tukaone wenzetu wanazihimili vipi. Na mwisho wa yote kuwa na impakti, ambayo itahifadhiwa kwenye faili ofisini kwangu, na mwananchi yeyote atakayetaka kuiona ataandika barua.

(Upepo wa kwanza. Vumbi linafunika uwanja. Bango linapasuka kwenye neno "Kuhimili". Kofia ya Katekista inaondoka. Karatasi za Mheshimiwa zinaruka kutoka mezani, ukurasa wa nne hadi wa mwisho.)

Kamateni! Kamateni karatasi! Takwimu hizo! Jamani, hiyo iliyonasa kwenye miiba ni sifa zangu!

(Hakuna anayeondoka kwenye nafasi yake, kwa sababu ya mchenya. Malimi, aliye jirani na ua wa katani, ananyoosha mguu na kukanyaga karatasi moja. Anaiokota, anaifuta, anasema: "Nimepata moja. Ina namba kumi na moja.")

(Kelele kubwa za furaha. Wanawake wanapiga vigelegele.)

Mungu ni mwema! Isome, Bwana Malimi, isome kwa sauti, hiyo ndiyo yenyewe!

(Malimi anasoma: "Hatari. Hatari zinazoikabili jamii husika ni zile zilizoainishwa katika Kiambatisho B." Anageuza karatasi. Nyuma ni tupu. Anauliza: "Kiambatisho B kiko wapi?")

Kiko Shinyanga.

(Hapa mwandishi hakuweza kuandika yote yaliyosemwa, mengine kwa sababu yalikuwa ya Kisukuma cha machungani. Radi imepiga karibu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze, Mheshimiwa amegeuka nyuma, mahali ambapo sisi sote tulikuwa tunatazama muda wote. Amelitazama wingu. Lilikuwa limefunika mbingu yote ya huko na chini yake kulikuwa na ukuta wa vumbi unaokuja.)

Mama yangu.



Jamani, mvua! Mvua hiyo, ina upepo! Nimetaja! Mzee Masalu, nimetaja! Kimbieni mkafunike pamba zenu! Ingizeni watoto ndani! Msikae karibu na ukuta wa shule! Kimbieni!

(Uwanja wote umeondoka kwa mara moja. Milembe hakukimbia. Amebaki amesimama, mikono kichwani. Anasema: "Kwangu ni mbali, Mheshimiwa. Sitafika.")

Nisikilizeni mliobaki. Malimi, panda kwenye hiyo nguzo. Usifungue mafundo, kata kamba! Kata! Mayu, ingia kwenye Landrova, mbele, mbele! Dereva, washa! Eufrasia, shika pembe hiyo ya turubai, daftari weka kwapani! Mayu, nisamehe. Naona aibu, mayu. Saa nzima umeniambia na mimi nakusomea.

(Hotuba ilisimama kwa muda wa saa moja na nusu. Kwa kuwa mwandishi aliagizwa asiache kitu, anaandika kwamba Landrova ilivuka korongo maji yakiwa bado hayajashuka. Kwamba turubai lilitandazwa juu ya pamba ya Milembe na ya Scola matone ya kwanza yakianguka. Kwamba upepo ulitaka kulinyanyua, na Mheshimiwa Mratibu, akiwa na suti yake ya kaunda, alilala kifudifudi juu ya pembe moja, Malimi juu ya nyingine, dereva juu ya tatu, na juu ya nne Milembe pamoja na mwandishi. Mheshimiwa alikuwa anasema muda wote. Yaliyosemwa hayakusikika kwa sababu ya upepo. Pamba ilipona, isipokuwa upande mmoja uliolowa kiasi cha kapu moja. Kijijini, paa kumi na tisa ziliondoka, na bati za darasa la tatu zimeonekana shambani kwa Ndaki. Hakuna mtu aliyeumia. Mvua ilipokatika tulirudi uwanjani kuchukua meza, tukawakuta wananchi wamekaa, wamelowa, wanasubiri. Hakuna aliyewaita.)

Ndugu zangu. Mmerudi. Sikutegemea. Kama mnavyoniona, nina matope, sina karatasi, na kiatu kimoja kimebaki korongoni. Lakini mkutano haufungwi bila kaulimbiu, kwa hiyo mnijibu kwa nguvu. Nikisema "Upepo", ninyi semeni "Hautuwezi". Upepo!

(Wananchi: "Umetuweza!")

Nikisema "Paa", semeni "Imara". Paa!

(Wananchi: "Limeondoka!" Vicheko. Mheshimiwa naye anacheka.)

Mshikamano!

(Wananchi: "Upo!" Hilo wamelisema vizuri.)

Basi nafunga. Nawatakia jioni njema.

(Mzee Masalu hajakaa. Anasema: "Hujafunga, bhabha. Wewe ulikuja kwangu asubuhi kuomba mwano. Asubuhi mbingu ilikuwa nyeupe, hata kunguru hakuwa na shaka. Hii mvua tumeiona sote pamoja, na wa kwanza kuiona ni Milembe. Wewe hukuwa unaijua. Hatari yako uliyopigia mwano ni ipi?" Maji yanadondoka kutoka kwenye bango.)

Mzee wangu, hapo umenishika. Naomba basi nitoe neno la shukrani, na ndani ya shukrani utasikia.

Kwanza, namshukuru Bwana Shida wa pale Bariadi mjini, anayekodisha turubai za harusi na misiba, aliyeniazima hili kwa sababu nilipofika dukani kwake uso wangu ulimfanya adhani nimefiwa. Limetoboka mahali pawili, nitamweleza. Namshukuru dereva, ambaye ni shemeji yangu, na Landrova ni ya tajiri yake, na tajiri yake anaamini iko gereji. Namshukuru aliyechora bango, kwa kuandika jina la mradi kwa herufi kubwa kiasi kwamba mimi mwenyewe niliposoma niliamini. Na nawashukuru wafadhili, watu wema wa mbali, ambao mwaka jana niliwaandikia barua moja tu ya kuwasalimu na kuwapa wazo, wao wakanijibu wakauliza mradi umefikia wapi. Jamani, mgeni akikuuliza hivyo utamjibu nini? Niliona ni utovu wa adabu kumwambia haujaanza. Nikaandika, unaendelea. Wakafurahi, wakauliza paa ngapi. Nikaandika mia. Wakanipongeza kwa barua nzuri, yenye nembo, na mimi tangu niache mizani hakuna mtu aliyekuwa amenipongeza. Nikaongeza kidogo. Wakapongeza tena. Ndivyo nilivyofika mia mbili na kumi na mbili.

Msinitazame hivyo, sijala kitu cha mtu. Walicholeta ni kofia arobaini na kalenda, na kofia mnazo vichwani. Mradi haupo, ndugu zangu. Haujawahi kuwepo hata siku moja. Hakuna waya, hakuna kigingi, hakuna Awamu ya Kwanza wala ya Pili. Nilikuwapo mimi tu na bahasha.

Na sasa wameandika kwamba wanakuja Jumanne kuziona hizo paa. Hiyo ndiyo hatari, Mzee Masalu. Ni yangu peke yangu, nami nilipata hofu, na kwa hofu hiyo sikujua mtu anaomba msaada vipi, kwa sababu miaka yote hii nimesomea kuwapa watu maelekezo. Nilichokuwa najua, nilichofundishwa na baba yangu pale Nkololo nikiwa nachunga, ni kwamba mtu akizidiwa anapiga mwano. Nikapiga. Halafu mlipokuja wote, na mishale yenu, na jasho lenu, nikaona haya kusema, nikasoma hotuba. Nisameheni. Nawashukuru kwa kuja.

(Mtu mmoja anaanza kucheka, kisha wengine, hadi wazee wanashika mbavu. Malimi anasimama, anajifuta macho. "Mheshimiwa, kijiji hiki kizima kina nyumba mia moja na themanini. Hizo nyingine tuzitoe wapi?")

Bwana Malimi, tuanze na zilizopo.

("Leo kumi na tisa zimeruka," Malimi anasema, sasa hacheki. "Na hii ni mvua ya kwanza tu. Hata wasingekuja wageni wako, paa lazima tuzifunge. Waya hatuna. Katani ipo uani hapo, na vigingi tutachonga. Siku mbili, watu wote, inawezekana. Tutazifunga kwa ajili yetu. Wageni wakija watazikuta." Wananchi: "Watazikuta!" Mzee Masalu anagonga fimbo chini. "Hatari imetajwa," anasema. "Tuifuate." Watu wanaanza kuinuka. Milembe, ambaye nguo zake bado zinachuruzika maji, anamsogelea Mheshimiwa na kumuuliza: "Jumanne asubuhi, au mchana?")

Asubuhi, mayu. Saa tatu.